Kava la mashine ya kuchomelea: turubai, kanvasi au jinzi?

Mashine nyingi ndogo za inveta zina kibati kilichoandikwa IP21S. Ile 2 maana yake ni kwamba kidole hakiwezi kupenya hadi kwenye sehemu zenye umeme. Ile 1 maana yake ni kwamba matone ya maji yanayodondoka wima hayataidhuru. Kuhusu vumbi hakuna ahadi yoyote, wala kuhusu mvua inayosukumwa na upepo. Nalo vumbi la karakana zetu ni chuma kilichosagwa na grenda, chenye kupitisha umeme. Likitua kwenye bodi kisha likapata unyevunyevu wa usiku, asubuhi mwenye mashine akiiwasha inapiga shoti. Kutengeneza bodi kunagharimu mara nyingi zaidi ya kushona kava, na siku zote ambazo mashine iko kwa fundi hakuna geti linalochomelewa.

Lazima pia ijulikane kava halifanyi nini. Mashine ikiwa inafanya kazi haivalishwi kitu, kwa kuwa feni inahitaji hewa. Ukimaliza kuchoma, iache feni izunguke mpaka mwili wa mashine upoe, chomoa plagi, ndipo uvalishe. Kwa hiyo unachonunua ni ulinzi wa saa za mapumziko: usiku, siku ya mvua, na ule muda ambao mwenzako anakata chuma na wewe huchomelei.

Chaguo la bei ya chini kabisa ni salfeti au lile turubai jepesi la plastiki la rangi ya bluu. Sishauri kumlipa fundi cherehani ashone kitu hicho. Turubai hilo huyeyuka kwenye nyuzijoto 130 hivi, na salfeti kwenye 160 hivi, wakati cheche ni chuma chenye moto mkali kupita hapo mara kadhaa. Viwango vya usalama vya Marekani vinataka vitu vinavyoshika moto viwe umbali wa futi 35, yaani karibu mita 11, kutoka mahali pa kuchomelea. Karakana ngapi za mjini zina mita 11 za nafasi? Juu ya hayo, jua hulichakaza likaanza kumeguka vipande vidogo vinavyoingia mlemle kwenye matundu ya hewa.

Turubai zito la PVC, lile la malori, ndilo ambalo wengi hulikimbilia, na naelewa kwa nini: halipitishi maji na ni gumu kuchanika. Ubaya wake ni kwamba halipumui. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ambako hewa ina unyevu na chumvi, mashine iliyofungwa ndani ya PVC mpaka chini hutoa jasho usiku, na kutu huanzia kwenye skrubu. Likiwekwa juu ya mashine ya moto hulegea na kunata. Likiungua hutoa gesi yenye asidi inayochoma mapafu. Hata hivyo, kwa fundi anayebeba mashine kwa pikapu au guta kwenda saiti, hili ndilo kava lake, mradi chini libaki wazi.

Kwa mashine inayolala ndani au chini ya paa la mabati, mimi nachagua kanvasi nzito ya pamba. Inapumua. Cheche ikiidondokea huacha tundu dogo lenye ukingo mweusi, haiyeyuki ikagandia mwili wa mashine. Pamba nayo huungua, kwa hiyo cheche ikitua ipanguse mara moja. Lincoln Electric ya Marekani, inayouza makava ya mashine zake yenyewe, nayo hutumia kanvasi, ila iliyotiwa dawa ya kuzuia moto na ukungu. Kava kama hilo ni zuri ukiwa na mashine yao hiyohiyo. Kwa inveta za Kichina zenye maumbo ya kila aina, kuagiza kava la mtu mwingine ni kulipa usafiri wa kitu kitakachopwaya. Jambo moja nakuomba usilifanye: usiipake kanvasi nta ya mshumaa ili isilowe. Utakuwa umeitengenezea mashine utambi.

Jinzi za mtumba ndizo mbadala wa kweli wa kanvasi kwa mwenye mfuko mdogo. Suruali mbili pana, zikifumuliwa, zinatosha inveta moja: miguu miwili kwa mbavu mbili, miwili kwa ukanda mmoja unaopita mbele, juu na nyuma. Mwambie fundi mshono wa kuungia uangukie mgongoni, usiwe juu. Lakini jinzi za siku hizi nyingi zimechanganywa na nyuzi za kuvutika, basi chomoa uzi na uuwashe kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Uzi wa plastiki hujikunja na kuacha kidonge kigumu. Suruali hiyo iache sokoni.

Sasa hesabu. Chukua inveta yenye urefu wa sentimita 40, upana 16 na kimo 30 pamoja na mpini. Ukiongeza nafasi ya kuvalishia, pindo na mishono, unahitaji ukanda wa sentimita 116 kwa 23 na mbavu mbili za 47 kwa 38. Kwenye kitambaa chenye upana wa mita 1.5, vipande hivyo vinakula sentimita 61 tu za urefu. Makava manne ni sentimita 244. Tuseme kanvasi ni shilingi 12,000 kwa mita na fundi anataka 6,000 kwa kila kava. Weka bei za sokoni kwako. Ukienda peke yako utauziwa mita nzima, na kava litakugharimu 18,000. Mkienda majirani wanne na kununua mita 2.5, kitambaa ni 30,000 na ushonaji 24,000, kila mmoja anatoa 13,500. Robo ya gharama imeondoka hata kabla hamjaanza kuomba punguzo. Mashine kubwa ya transfoma, tuseme ya sentimita 60 kwa 40 na kimo 60, inahitaji mita mbili za kitambaa hichohicho.

Pesa iliyobaki iweke kwenye uzi. Uzi wa pamba huoza kwa unyevu, na makava mengi hufumuka kabla kitambaa hakijachakaa. Taka uzi mnene wa poliesta na sindano namba 18. Cherehani ya kawaida ya miguu inaweza kushona kanvasi ikiwa mikunjo si mingi. PVC mpelekee fundi wa viti vya magari mwenye cherehani nzito, na mwambie mishono iwe mirefu, milimita nne au tano, maana mishono ya karibukaribu hutoboa turubai likachanikia hapohapo. Usikubali juu pakatwe tundu la mpini. Hapo ndipo maji na vumbi vitaingilia.

Nenda na mashine yenyewe kwa fundi, si vipimo vya kwenye karatasi. Ivalishe kabla ya kulipa salio, uone kama kava linatelemka bila kuvutwa na linaishia kidole kimoja juu ya sakafu. Kisha livue, ligeuze ndani nje, na uvute kila kona kwa mikono miwili. Ikionekana nafasi kati ya mshono na mshono, mwombe akazie palepale.