Kutoka Uhandisi hadi Utafiti wa Jamii kwa Kompyuta: Mfano wa Duncan Watts

1.0 Utangulizi

Mhandisi anapohamia katika utafiti wa jamii, huja na hisabati, kompyuta na mazoea ya kuunda vielelezo. Je, zana hizo zinatosha kueleza mwenendo wa binadamu? Makala haya yanalijadili suala hilo kwa kurejelea kazi za Duncan Watts.

2.0 Kutoka kwa Nyenje hadi kwa Watu

Watts alisomea fizikia nchini Australia, kisha akapata shahada ya uzamivu katika mekanika, Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1997. Huko alichunguza jinsi nyenje wanavyopatanisha milio yao bila kiongozi. Uchunguzi huo ulizua swali la nani anamsikia nani, yaani muundo wa mtandao wenyewe. Mwaka 1998, yeye na msimamizi wake, Steven Strogatz, walionyesha kwamba viungo vichache vya masafa marefu hutosha kufupisha sana umbali katika mtandao mpana. Muundo huo ulidhihirika katika neva za mnyoo, gridi ya umeme ya magharibi mwa Marekani na waigizaji walioshiriki filamu pamoja.

3.0 Mpaka wa Zana

Hata hivyo, waya wa umeme hauna hiari, binadamu anayo. Jambo hili lilijitokeza katika jaribio la Matthew Salganik, Peter Dodds na Watts, lililochapishwa mwaka 2006. Washiriki 14,341 walipewa nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Baadhi walichagua bila kujua chaguo la wenzao. Waliosalia waligawanywa katika makundi 8, kila mmoja akiona idadi ya waliochukua kila wimbo katika kundi lake. Palipokuwa na kuonana, tofauti baina ya nyimbo zilizopendwa na zilizopuuzwa ziliongezeka, na wimbo uliotia fora katika kundi moja uliweza kuachwa nyuma katika jingine. Ni nadra tu nyimbo bora kufanya vibaya sana, au zile duni kufanya vizuri sana.

4.0 Hitimisho

Mhandisi huzoea kwamba akizijua sifa za kila kipande, ataweza kukadiria tabia ya mtambo mzima. Katika jamii, kuujua ubora wa kila wimbo hakukutosha, kwa kuwa wasikilizaji walitazamana. Kwa hiyo anayehama hana budi kuongeza juu ya ukokotozi wake stadi ya mwanasosholojia: kuuliza watu wanaona nini kwa wenzao, na wanakifasiri vipi.