Maziwa sokoni, sukari mezani: hasara isiyoandikwa kwenye daftari

WAFUGAJI wadogo wengi wa Kilimanjaro, Tanga na Mbeya huuza maziwa, na sehemu ya fedha hizo hununulia sukari ya chai. Kibiashara si kosa. Kiafya, hata hivyo, kuna hasara.

Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina takriban miligramu 1,200 za madini ya kalsiamu, ambazo huwatosha watu wazima wengi kwa siku. Sukari nyeupe karibu haina madini kabisa. Miwa inaposindikwa kiwandani, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na chuma hubaki kwenye molasi, ambayo mfugaji huinunua na kuchanganya kwenye pumba. Matokeo yake ng'ombe hupata madini, mwenye ng'ombe hubaki na utamu.

Mtu akinywa sukari nyingi kwa mara moja, kwa saa chache figo hupitisha kalsiamu na magnesiamu zaidi kwenye mkojo. Anayekula dagaa, maziwa na mboga za majani hufidia upungufu huo. Asiyefidia, mwili huchota akiba iliyoko kwenye mifupa. Kwa hiyo tatizo kubwa ni chakula bora kinachouzwa au kuachwa ili sukari ipate nafasi. Aidha, chai inayonywewa pamoja na mlo hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, yaani gramu 25 hivi au vijiko 6 vya chai.

Familia ya watu watano, kila mmoja akinywa vikombe viwili vyenye vijiko vitatu vitatu, humaliza gramu 120 kwa siku, sawa na kilo 3.6 kwa mwezi. Kila mmoja tayari amefikia vijiko 6, kabla ya soda.

Akipunguza kijiko kimoja kwa kila kikombe, mfugaji huyo huokoa kilo 1.2 kila mwezi. Fedha hiyo inaweza kufidia maziwa ya watoto yatakayotengwa kabla ndoo haijakwenda sokoni. Sukari guru hubakiza madini kiasi, lakini nayo ni sukari. Haichukui nafasi ya maziwa.