Anza na Kifaa Kimoja
Wanachuo wenzangu, wengi tunatamani karakana ya kubuni vifaa vya kupandia milima, halafu tunakaa kusubiri mtaji. Yvon Chouinard hakusubiri. Mwaka 1957, huko California, alinunua tanuri kuukuu la mhunzi, akajifunza mwenyewe kufua misumari ya kupandia miamba. Aliiuza dola 1.50 kila mmoja, akitembea nayo kwenye buti la gari. Mwenyewe alikuwa mpandaji, hivyo msumari mbovu ungemwangusha yeye.

Mimi na rafiki yangu tumeweka sehemu ya bumu kwenye cherehani na begi la aina moja tu. Hiyo ni hela ya kula, hatubahatishi. Mkanda wa kiuno hupunguzia mabega uzito na kuupeleka nyongani. Kwa hiyo tunajaza vitabu, tunapanda kilima, tunarekebisha mshono. Likitushinda sisi, haliuzwi.