Terabaiti 24, lakini seva yaonyesha 2 tu

Redio za mitaani, studio za video za harusi na wale wanaohifadhi sauti za wazee wetu wamefikwa na shida moja: nafasi imekwisha. Basi hujichangisha, wakanunua seva yenye diski nane za terabaiti 4 kila moja, wakamwita kijana awawekee Linux. Kazi ikiisha, mashine yaonyesha terabaiti 2 tu. Muuzaji hulaumiwa bure.

Kosa liko kwenye daftari la diski. Kila diski ina ukurasa mdogo mwanzoni unaoeleza fungu lipi laanzia wapi na laishia wapi. Daftari la zamani, MBR, lilikuja mwaka 1983, wakati diski ya megabaiti 10 ilikuwa kitu cha kutambiwa. Linahesabu sekta za baiti 512 kwa namba ya biti 32, na hesabu hiyo hufika ukingoni kwenye terabaiti 2.2. Zinazobaki zipo, ila hazina anwani. Daftari jipya laitwa GPT. Linatumia biti 64, na huweka nakala yake ya pili mwishoni mwa diski.

Lakini kuna mtego wa pili. Seva kuukuu inayowaka kwa BIOS haiwezi kuwasha Linux kutoka kwenye GPT mpaka itengewe fungu dogo la megabaiti 1 kwa ajili ya GRUB, ile programu ya kuwashia. Inayotumia UEFI yataka fungu lake la FAT32. Ukisahau, utaweka mfumo wote na mashine isiamke.

Kwa maoni yangu, dawa ni kutochanganya mfumo na mali. Weka Linux kwenye diski mbili ndogo zinazoigana, na lile rundo kubwa uliache kabisa wakati wa kusakinisha. Kama hakuna diski ndogo, kadi nyingi za RAID hukubali kukata kipande cha gigabaiti 100 hivi kutoka kwenye rundo na kukionyesha kama diski ya peke yake. Mfumo ukiharibika utauweka upya bila kugusa sauti hata moja.

Linux ikishasimama, tumia parted kuandika GPT kwenye rundo, fungu lianzie megabaiti 1 hadi asilimia 100. Kisha mkfs.xfs. XFS haiogopi ukubwa, ila ujue kwamba haipunguziki: ukishaipanua, ndiyo basi. Ndani ya fstab andika UUID wala si sdb, maana majina hayo hubadilishana diski zikihamishwa, na uongeze neno nofail ili seva iwake hata rundo likichelewa.

Na hizo diski nane zipangwe vipi? Wengi huchagua RAID 5 kwa sababu hupoteza diski moja tu na kubakisha terabaiti 28. Mimi nasema RAID 6, ubaki na 24. Diski zilizonunuliwa siku moja huzeeka pamoja. Moja ikifa, kuijenga mpya ya terabaiti 4 kwa mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 7, na seva ikiwa na kazi huzidi hapo. Muda wote huo RAID 5 haina akiba: ya pili ikifa, vyote vimekwenda. Ongeza umeme wetu wa kukatika na hewa ya chumvi inayokula vyuma, utaona kwa nini betri ya UPS si anasa.

RAID hata hivyo si nakala. Mtu akifuta faili kwa bahati mbaya, hufutika kote papo hapo. Mwizi naye hubeba kasha zima. Nakala ya pili ikae jengo jingine, na mara moja kwa mwezi mtu achomoe faili moja humo na kuisikiliza. Wimbo waweza kurekodiwa tena, lakini mzee aliyekwisha kuzikwa hatakuja studio mara ya pili.