Paramore: vijana waliokataa kutenganishwa

Jalada la *All We Know Is Falling*, albamu ya kwanza ya bendi ya Paramore, lina kochi jekundu lisilo na mtu na kivuli kinachoondoka. Nyuma yake kuna kisa cha kweli. Mwaka 2005 vijana wa bendi hiyo walitoka Franklin, Tennessee, wakaenda Orlando, Florida, kurekodi. Siku chache baada ya kufika, mpiga besi wao, Jeremy Davis, alijitoa kwenye bendi.

Mwimbaji Hayley Williams alikuwa na miaka 16. Mpiga ngoma Zac Farro alikuwa hata hajafikisha 15. Pigo kama hilo lingetosha kuivunja bendi, lakini wao waliliimba. Kuondoka kwa Jeremy kukawa kiini cha albamu, kuanzia wimbo wa kwanza, “All We Know”, hadi picha ya jalada.

Umoja wa bendi ulikuwa umeshapiganiwa kabla ya studio. Kampuni ya rekodi ya Atlantic ilipomsainisha Williams, ilitaka kumfanya msanii wa pop wa kusimama peke yake. Binti huyo akashikilia kwamba ataimba na wenzake, kwa magitaa na ngoma. Hatimaye albamu ikatoka Julai 2005, si kwa jina la Atlantic bali kupitia Fueled by Ramen, lebo iliyokuwa imeshatoa kazi ya bendi ya Fall Out Boy.

Na muziki wenyewe unaonyesha kwa nini Williams alikuwa sahihi. Hapa mitindo miwili inakutana. Pop-panki inataka kasi na kiitikio cha kuimbwa na umati. Emo inataka mtu aseme linalomuuma bila kujificha. Katika “Pressure” na “Emergency”, gitaa la Josh Farro, kaka yake Zac, linamsukuma Williams, naye anajibu kwa sauti pana isiyotetereka. Ondoa bendi hiyo, ubakize sauti nzuri tu, na nusu ya nguvu inapotea.

Mafanikio hayakuja kwa mkupuo. Bendi ilizunguka Marekani, pamoja na kushiriki ziara ya Warped Tour, ikijenga mashabiki onyesho kwa onyesho. Davis alirejea kundini, na mwaka 2007 albamu ya *Riot!* ikawapa umaarufu mkubwa.

Hata hivyo, msingi uliwekwa Orlando. Biashara ya muziki ina haraka ya kuchagua sura moja na kuwasahau waliosimama nyuma yake. Albamu hii ni ushahidi kwamba kijana anayejua anataka kuimba na nani anastahili kusikilizwa, hata mbele ya wenye fedha.