Shimo la Barabarani Nani Alilipe?

Juma lililopita mpwa wangu alinijia nyumbani Arusha usiku, uso umemshuka. Yeye ni dereva wa gari la watalii, yale mabasi madogo yanayofunguka paa. Aliponiamkia tu akasema, "Mjomba, nimekatwa mshahara."

Asubuhi ya mvua alikuwa anawapeleka wageni mbugani. Mbele yake akaona dimbwi. Kulia linakuja lori, kushoto ni mtaro. Akapita humo humo. Kumbe dimbwi lile ni shimo refu. Tairi likapasuka na rimu ikapinda. Tajiri wake akakata shauri kwamba dereva ndiye alipe, kwa kuwa macho anayo. Je, ni haki?

Kwanza tujiulize shimo hutoka wapi. Shimo halizaliwi siku moja. Lami huanza kwa ufa mdogo ambao hata mtembea kwa miguu hauoni. Mvua ikinyesha, maji hupenya kwenye ufa na kulainisha kokoto na udongo ulio chini. Kila gurudumu likipita, huyasukuma maji yale kwa nguvu, nayo yakitoka hutoka na udongo. Chini panabaki uwazi. Siku moja lami hukosa pa kuegemea, ikadidimia. Mtaro ukiziba, mambo huharibika upesi zaidi, maana maji hayana pa kwenda.

Wa pili kulaumiwa ni mzigo. Kati ya mwaka 1958 na 1960 wahandisi wa Marekani walipitisha malori kwenye barabara za majaribio huko Illinois. Waligundua kwamba ekseli ikiongezewa uzito mara mbili, madhara kwa barabara hayaongezeki mara mbili, bali karibu mara 16. Ndiyo sababu tuna mizani barabarani, na ndiyo sababu anayeikwepa mizani anatuibia sote. Gari dogo la mpwa wangu, basi, halikulichimba shimo lile. Lililikuta.

Na nani alipaswa kulifukia? Tangu mwaka 2000, barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Zile za mitaani na vijijini, tangu mwaka 2017, ziko chini ya TARURA. Fedha za matengenezo hutoka kwa sehemu kubwa katika tozo ya kila lita ya petroli na dizeli. Maana yake ni kwamba tajiri yule, kila alipojaza mafuta, alikuwa amekwisha kulilipia shimo lile. Sasa anataka dereva alilipie mara ya pili.

Hata hivyo sikumtetea mpwa wangu mpaka mwisho. Nilimwuliza alikuwa na mwendo gani. Akainama. "Kama sitini, mjomba." Nishati ya gari hukua haraka kuliko mwendo: anayekwenda 60 hufika kwenye ukingo wa shimo na nishati mara nne ya anayekwenda 30. Dimbwi usilolijua kina chake, lihesabu kuwa shimo. Punguza mwendo mapema, kisha achia breki kabla ya kuingia, kwa sababu breki hulaza gari mbele na kuzibana springi ambazo zingepokea pigo.

Asubuhi tulikwenda gereji. Fundi akatuonyesha kwamba tairi jingine la mbele lilikuwa na upepo mdogo, na shokapu zilikuwa zimekufa zamani. Tairi lisilo na upepo wa kutosha hubanwa kati ya rimu na ukingo wa shimo, na nyuzi za ndani hukatika. Wakati mwingine halipasuki papo hapo. Hutoa nundu ubavuni, likaja kupasuka siku nyingine kwenye mwendo mkali, gari limejaa watu. Kwa hiyo gari likiingia shimoni, hata kama linatembea, lipelekwe likakaguliwe magurudumu, bushi na usukani.

Tulimweleza tajiri hayo yote. Baada ya mabishano marefu alikubali dereva alipe nusu, naye anunue shokapu mpya. Nusu ile kwa mpwa wangu bado ni chakula cha watoto.

Nilipopita pale juzi, nilikuta wasamaria wema wamesimika tawi la mti ndani ya shimo. Nawashukuru, lakini tawi si kiraka. Hata kifusi kinachomwagwa juu juu huchukuliwa na mvua ya kwanza. Kiraka cha kweli ni kukata kingo, kutoa tope lote, kushindilia kokoto na kufunika kwa lami. Gharama yake ni ndogo zaidi siku ile palipokuwa na ufa tu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu anayeujenga ukuta huo ni dereva, kwa mshahara wake.