Mwosha wazee aingia darasani

Wakenya wa Lowell, jimboni Massachusetts, wameipa kazi yetu jina: kuosha wazee. Hulitamka kwa kicheko, kama Mtanzania anayesema yuko ughaibuni anabeba boksi. Mimi mtu wa Pwani jina hilo lilinikera tangu siku ya kwanza. Kwetu mwosha huitwa mtu akishakata roho. Hapa nikakabidhiwa beseni na taulo nimwoshe bibi aliye macho kabisa, ananihoji habari za beisiboli.

Nilifanya kazi hiyo miaka saba, zamu ya asubuhi, kisha, bila kuiacha, nikajiandikisha chuo kikuu kusomea cheti cha jerontolojia, yaani elimu ya uzee. Neno hilo lilitungwa mwaka 1903 na Élie Metchnikoff, mwanasayansi mzaliwa wa dola ya Urusi aliyekuwa akifanya kazi Paris. Aliamini kwamba maziwa ya mgando huchelewesha uzee. Wamasai wasingebishana naye.

Cheti si digrii. Ni masomo machache ya jioni: mwili unavyozeeka, akili na kumbukumbu, sheria na mafao, halafu mafunzo kwa vitendo. Nilidhani nitakaa na vijana. Kumbe vyuo vya umma vya Massachusetts huwasamehe ada ya masomo wakazi waliotimiza miaka 60, na wazee wenyewe huja kujisomea uzee wao. Katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Boston, cheti cha aina hii kilipewa jina la Frank Manning, mtetezi wa wazee wa jimbo hilo, na wengi waliokisomea walikuwa wamekwisha kustaafu. Darasani kwetu jirani yangu alikuwa dereva wa basi mstaafu, miaka 74, mwenye penseli mbili na kifaa cha kusikilizia kilichopiga mluzi kila mwalimu aliposhusha sauti.

Somo lililonigeuza lilikuwa la Sidney Katz. Mwaka 1963 daktari huyo na wenzake wa Cleveland, Ohio, walichapisha kipimo cha mambo sita ambayo mtu hujifanyia mwenyewe: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Walikuwa wamewachunguza wagonjwa, wakiwemo waliovunjika nyonga, wakaona kuwa uwezo hauondoki ovyo. Una foleni yake. Kuoga kwa kawaida ndiko hutangulia kupotea, kula hubaki mwisho. Na anayepata nafuu huanza na kula, akamalizia na kuoga, karibu kama mtoto anavyojifunza.

Nilibaki nikiutazama ubao. Miaka saba nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa kwanza wa foleni ile bila kujua ni mlango. Na sababu yake naijua kwa mikono: kuoga kunataka uinue mguu kuvuka ukingo wa bafu, usimame kwenye majimaji, ujikunje, ufikie mgongo, yote kwa pamoja. Kijiko hakidai hayo.

Kesho yake kazini nilimpa yule bibi wa beisiboli sabuni na kitambaa, nikashika bega lake tu. Alijisugua uso, shingo, akaanza mkono wa kushoto. Dakika ishirini zikapita. Msimamizi alichungulia mara mbili akionyesha saa. Bibi akamwambia afunge mlango, baridi inaingia.

Mambo ya sheria niliyameza kama dawa. Mafao ya uzeeni ya Marekani yalianza na sheria ya 1935, bima ya afya ya wazee ikafuata 1965, nayo hailipii kuishi nyumba ya wazee miaka na miaka. Inatosha.

Kisha tukafika kwa Robert Butler, daktari aliyetunga mwaka 1969 neno la Kiingereza la ubaguzi wa umri. Yule dereva akanigeukia: kwenu Afrika wazee mnawaheshimu, sivyo? Nikamfundisha neno mzee, kwamba hata bosi wa miaka thelathini na tano huitwa hivyo na akafurahi. Akaliandika. Darasa likatabasamu, nami nikatabasamu, na njia nzima ya kurudi Lowell nikajiona mwongo.

Maana lugha yetu ina mzee na ina ajuza. Shinyanga na Mwanza kuna vikongwe waliokatwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, ushahidi ukiwa macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa miaka mingi ya kupikia samadi ya ng'ombe pale kuni zilipokwisha. Kazi yangu ya mwisho ya cheti niliiandika juu ya macho hayo. Nilipoiwasilisha hakuna aliyetabasamu. Yule dereva mstaafu alinyoosha penseli, akauliza swali moja tu: jiko lisilo na moshi huko kwenu linauzwa kiasi gani?